Wale Waliosema Watakuja Jumamosi

Ashukuriwe Mungu, anayemtambua kila mtu bila kuombwa picha, aliyeniachia macho ya kusomea na magoti ya kupigia, ingawa vyote sasa vinahitaji msaada. Amenipa uzee, na ndani ya uzee amenipa subira, kwa maana aliona nitaihitaji. Namshukuru kwanza, ndipo nieleze.

Kwa miaka mingi nilikuwa katekista wa kapela ndogo iliyo karibu na maporomoko, hapa Kisangani. Sasa nimepumzika, yaani nafanya kazi ileile ila siitwi kwenye mikutano. Watu wetu wengi ni wavuvi. Mto unapopungua, kila nyumba husimamisha miti mirefu katika matundu ya mawe, katikati ya maji yanayokimbia, na kuifunga kwa kamba za msituni. Juu ya miti hiyo hufungwa migono, vile vikapu virefu vyenye mdomo mpana, na maji yenyewe huwasukuma samaki ndani. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mti mmoja unataka watu wanane au kumi, na wote wakiwa wamekubaliana mapema nani atapiga kelele.

Kila nyumba ina mahali pake pale mtoni. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, alirithi mahali pake kwa baba yake, na baba kwa babu. Ni pazuri, karibu na jiwe kubwa, na watu wengine hupatazama kwa adabu ambayo si adabu kabisa. Kwa upande wetu, maji yakishapungua, mzee wa maporomoko hupita kukagua. Akikuta mawe ya nyumba fulani hayana miti, mahali hapo hupewa nyumba nyingine kwa msimu mzima. Na mahali palipokwenda kwa msimu mmoja hupenda kukaa huko.

Mwaka ninaousimulia, kabla maji hayajapungua vizuri, shemeji aliteleza akiangalia matundu na kuvunjika mguu. Walimfunga plasta kuanzia paja hadi kisigino. Hana mtoto wa kiume. Binti zake wawili wameolewa Banalia, na waume zao ni wakulima, watu wema wanaoogopa maji. Alikaa mlangoni pake, mguu juu ya kigoda, akisikia mto ukipungua. Mvuvi huusikia.

Sasa lazima nimtaje mama wa kwaya. Huyu huuza vocha za simu kwenye meza kando ya barabara, na ndiye aliyefungulia kapela yetu ukurasa kwenye mtandao. Mwanzoni ulifuatwa na wanakwaya wake na dada yake wa Kinshasa. Kanisa moja la mtaa wa pili lilikuwa na wafuasi maelfu, na jambo hilo lilimuumiza kuliko alivyosema. Asubuhi moja alinijia mbio.

“Papa katekista, Mungu ametenda! Angalia batu!”

Nilimwamini, maana Mungu hutenda mara nyingi. Nilivaa miwani na kuangalia. Kweli ukurasa ulikuwa umejaa watu, na wengi wao kando ya jina walikuwa wameandika kwamba wanaishi Kisangani.

Nitasema mara moja, ili msomaji asisumbuke kama tulivyosumbuka sisi: hawakuwa watu. Walikuwa roboti, mashine zinazoandika zenyewe, zilizovalishwa majina na picha. Mama wa kwaya alikuwa amezinunua kwa kijana mmoja wa Kinshasa. Kijana huyo huuza za aina mbili, zinazonyamaza na zinazosoma ulichoandika na kukujibu. Mama wa kwaya hakutaka kapela ifuatwe na mabubu. Alichukua zinazojibu, na akaomba ziwe za mji wetu. Haya yote tulikuja kuyajua baadaye.

Nakiri niliwapenda. Kiswahili chao kilikuwa safi mno. Mimi nilifundishwa Kiswahili cha vitabu na mapadre, na maisha yangu yote nimekuwa nikihubiri kwa Kiswahili hicho kwa watu wanaonijibu kwa Kingwana, yaani Kiswahili cha hapa kwetu, kwa Kilingala na Kifaransa katika sentensi moja. Hawa wageni walipatanisha kila neno. Waliandika “Tunawashukuru kwa ujumbe huu wenye kujenga.” Nilimwonyesha shemeji.

“Hawa iko batu ya wapi?” akauliza.

“Wa hapahapa. Wa Mangobo, wa Kabondo, wa Lubunga.”

“Lubunga hawasemi vile, bokilo.” Hivyo ndivyo tunavyoitana wakwe hapa. “Mimi nimeuza samaki Lubunga.”

Nilimwambia watu husoma siku hizi.

Siku za Ijumaa, katika maombi ya kuombea wengine, tulianza kuyasoma majina yao kutoka kwenye simu. Niliona ni haki. Wao walikuwa wakitusalimia kila asubuhi, hata siku ambazo umeme wa Tshopo ulikatika na sisi wenyewe hatukuweza kusalimiana. Niliwauliza wanahitaji kuombewa nini. Walijibu kwamba wanahitaji mafanikio katika kila jambo. Hakuna aliyekuwa na malaria, wala mtoto aliyefukuzwa shule. Tuliwaombea mafanikio. Niliwaza kwamba Mungu amewajalia afya kuliko sisi, nikamshukuru kwa niaba yao.

Basi, kwetu nyumba ikihitaji mikono, huita baada ya misa, mlangoni pa kapela. Mwenye nyumba husema kazi na siku, na kila mwanaume atakayekuja hujibu “Mimi!” kwa sauti. Mke wa nyumba husimama pembeni akisikiliza, na kwa sauti hizo hupima sufuria zake. Aliyeitika ni lazima aje. Asipokuja, hatozwi kitu. Afanyiwacho ni kibaya zaidi: siku inayofuata wenye nyumba humwendea na nyuso za huzuni, wakaketi, wakamuuliza kwa heshima ni nani amefariki kwake. Mtu ambaye alilala tu hupata shida sana siku hiyo.

Shemeji hakuweza kufika mlangoni pa kapela. Mama wa kwaya akasema tuitie kwenye ukurasa, kwa sababu wanaume wote huangalia simu hata wakati wa mahubiri. Niliona ana akili. Shemeji alisita.

“Bokilo, mimi natafuta mabega.”

“Mabega wanayo,” nikamwambia. “Tunayaona kwenye picha.”

Tuliandika mwito: Jumamosi, asubuhi, mtoni, kusimamisha miti ya nyumba hii. Majibu yalifika kabla sijavua miwani. “Nitakuja bila kukosa.” “Nitakuwepo, Mungu awabariki.” “Mimi pia, kazi njema hii.” Yalijaa mpaka mama wa kwaya akachoka kuyasogeza kwa kidole. Mke wa shemeji, ambaye maisha yake yote amepima sufuria kwa masikio, aliuliza ni wangapi. Tukamsomea. Akaenda kuazima sufuria za matanga, zile kubwa za mtaa.

Alipika lituma, ndizi za kuchemsha na kutwanga, mlima mzima. Alipika sombe, majani ya muhogo. Samaki hawakuwepo, maana mwenye kuvua alikuwa na plasta, kwa hiyo alinunua makayabu, samaki wa chumvi wanaotoka ng’ambo. Kupika makayabu katika nyumba ya mvuvi wa maporomoko si jambo la kujivunia. Alifunga madirisha.

Jumamosi asubuhi tulikuwepo mtoni mimi, mke wa shemeji na mama wa kwaya. Shemeji tulimleta kwenye mkokoteni. Miti ilikuwa imelala kwenye mchanga, kamba zimeloweshwa tayari. Nyumba nyingine zilikuwa zikipandisha miti yao kwa nyimbo. Mzee wa maporomoko alikuja na fimbo yake.

“Wameitika?” akauliza.

“Wameitika sana,” nikasema.

“Iko wapi?”

Nilisema wengine wanatoka Lubunga na lazima wavuke mto. Pengine mtumbwi umechelewa. Mzee alikubali, kwa sababu mtumbwi huchelewa. Tuliungoja wote wanne pamoja naye. Ulikuja. Walishuka wanawake wenye mikungu ya ndizi na mbuzi mmoja.

Mzee alitazama mawe matupu ya shemeji, kisha akamtazama shemeji mwenyewe. Hakuwa na ukali. “Nitapita tena Jumamosi ijayo,” akasema. “Nikikuta hivi, mahali hapa nitaipa nyumba yenye watu. Siwezi kuacha maji yapite bure.”

Shemeji alishika mguu wake kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine.

Mke wake ndiye aliyenigeukia. “Papa katekista, ile lituma nitapeleka wapi? Niisukume ndani ya telefone?”

Nilimwambia tuwe na subira. Aliniambia subira hailiwi kwa makayabu. Tuligawa chakula kwa waliopita njia.

Jumapili, baada ya misa, tulifuata desturi. Hatukujua nyumba za walioitika, basi tuliketi barazani kwa shemeji, tukaweka nyuso za huzuni, na tukawaendea kwa simu. Mama wa kwaya alituachia simu yake na kusema ana mazoezi ya kwaya. Baadaye nilikumbuka kwamba Jumapili hakuna mazoezi. Nilianza na yule aliyesema “bila kukosa”.

Niliandika: “Ndugu, tunakuja kwako kwa heshima. Hukufika jana. Je, kuna msiba nyumbani?”

Jibu lilikuja shemeji akiwa bado anatafuta pa kuweka mguu: “Poleni sana kwa msiba wenu. Tuko pamoja nanyi katika kipindi hiki kigumu.”

“Mwambie hatuna msiba,” shemeji akasema.

Nikaandika: “Sisi hatuna msiba. Tunauliza juu ya msiba wako.”

“Asante kwa kutushirikisha habari hii. Mungu amlaze marehemu mahali pema.”

“Marehemu gani?” shemeji akasema. “Muulize marehemu ni nani.”

“Atajuaje? Sisi ndio tuliomuuliza.”

“Bon. Muulize kama ni mimi.”

Niliona ni swali la ajabu, lakini nyumba ni yake. Niliandika jina lake kamili, na kwamba yeye ni mvuvi wa maporomoko, na nikauliza kama ndiye anayesemwa.

Jibu lilikuja: “Ndiyo. Alikuwa mtu mwema, na pengo lake halitazibika.”

Shemeji aliomba asomewe mara ya pili. Kisha akasema polepole, “Huyu mutu hata hanijui.”

Kumbe nilikuwa nikiandika mahali ambapo wote husoma. Chini ya jibu hilo walianza kujipanga wengine. “Pumzika kwa amani, papa.” “Kanisa limepoteza nguzo.” “Tutakukumbuka daima.” Walikuwa walewale wa Jumamosi, na kwa kifo waliitika haraka kuliko kwa kazi. Niliandika kwamba shemeji ni mzima. Wakajibu, “Amina, yu mzima mbinguni.” Hapo nilizima simu, kwa kuwa hilo sikuweza kulipinga hadharani.

Sauti ya kwanza tuliisikia jua likielekea kushuka. Ilikuwa mama mmoja wa mtaa wa chini, akija huku amejishika kichwa na kulia kama inavyotakiwa. Nyuma yake wanawake wengine. Nyuma yao wanaume, na wanaume walibeba kuni, kama inavyotakiwa pia, na viti vya plastiki, na turubai. Kwetu msiba hauitiwi mtu. Ukisikia, unakwenda, na siku hizi watu husikia kwa simu.

Yule mama alifika mlangoni akamkuta shemeji ameketi, mguu juu ya kigoda. Alinyamaza katikati ya kilio.

“Papa, hukufa?”

“Hapana.”

“Kwenye telefone wanasema umekufa.”

“Haohao ndio walisema watakuja Jumamosi.”

Mama alifikiri. “Donc ni waongo,” akasema, na akaketi kupumzika.

Ndipo mama wa kwaya alipokuja akikimbia, kiatu kimoja mkononi. Aliponiona alianza kulia, na watu wakadhani ni yeye aliyefiwa. Aliniambia mbele ya wote. “Papa, ile si batu. Niliwanunua.”

“Uliwanunua watu?”

“Si batu, papa, ni mashini. Inasoma, inajibu. Hata haijui inajibu nini. Nilitaka kapela yetu isionekane maskini.”

Watu walicheka, lakini shemeji hakucheka. “Mama,” akamwambia, “sasa mahali ya babu yangu inaenda kwa sababu ya mashini?”

Mwanaume mmoja jirani, aliyekuwa bado amebeba fungu la kuni begani, akamwambia shemeji, “Tonton, sisi tulisoma ule mwito. Tukaona wameitika batu mingi. Tukasema, alors, pale hakuna hata nafasi ya kusimama. Tukabaki.”

“Kwa kazi mulibaki. Kwa maiti mumekuja mbio.”

“Maiti haingoji, tonton.”

“Mimi nimengoja!”

Waliinamisha vichwa. Wengine walianza kuokota viti vyao polepole, kama watu wanaokumbuka kwamba wana shughuli. Mke wa shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, na mkononi alikuwa na mwiko. “Mumeleta kuni?” akauliza. “Bon. Kuni iwekwe pale. Turubai ifungwe pale. Kwa matanga, mutu haondoki bila kuaga mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mimi, na mimi sijaagwa.” Kisha akamgeukia mumewe. “Ita sasa. Ita kwa mdomo.”

Shemeji aliita. Alisema kazi, alisema siku. Yule wa kuni akashusha fungu lake, akasema, “Mimi.” Mwingine nyuma ya turubai akasema, “Mimi, tonton.” Wakaendelea hivyo, sauti nene na sauti nyembamba, na mmoja aliyekuwa amelewa kidogo aliitika mara mbili. Mke wa shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza. Sikuwahi kuona mtu akisikiliza hivyo hata kwenye Injili, na nimeisoma Injili mbele ya watu miaka mingi.

Katika juma lile nilikwenda kwa padri wa parokia, kwa sababu jambo moja lilinisumbua. Nilimwuliza ni kitu gani kinatokea kwa sala zilizosemwa Ijumaa nyingi kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Padri aliuliza zile picha zilikuwa za nani. Mama wa kwaya alikuwa amenieleza kwamba picha huibwa: ni nyuso za watu wa kweli, wanaoishi mahali fulani na hawajui. “Basi,” padri akasema, “umewaombea hao. Wanahitaji kuliko ulivyofikiri, maana wanaibiwa.” Nilimshukuru. Tangu siku hiyo naendelea kuwaombea wenye nyuso, ila siwaombei tena mafanikio katika kila jambo. Naomba wawe na mtu wa kuwapikia.

Mama wa kwaya alijaribu kuwarudisha kwa yule kijana wa Kinshasa. Kijana alisema wakishatoka hawarudi. Basi mama alifunga ukurasa, akafungua mwingine, na sasa unafuatwa na wanakwaya na dada yake. Tangazo la kwanza aliloandika lilisema kwamba shemeji yu hai. Dada yake alijibu kwa kuuliza ni shemeji yupi.

Jumamosi ilipofika, watu walikuwa mtoni kabla yangu. Shemeji tulimketisha juu ya jiwe, tukamfunga kwa kitambaa kiunoni ili asisahau kwamba ana plasta. Alisahau mara kwa mara. Alitukana miti, alitukana kamba, aliwatukana waliokuwa wameshika kamba, na wao walimjibu wakicheka, “Marehemu, tulia!” Mimi nilipewa mwisho wa kamba moja ambao haukuwa na kazi, na niliushika kwa nguvu zangu zote. Mti wa kwanza ulikataa tundu lake, ukazunguka, ukamwangusha mwanaume mmoja kwenye maji ya magotini. Ulipoingia, mto ulibadilisha sauti mahali pale, na shemeji akaacha kutukana. Wa pili ulipanda. Wa tatu ulifungwa.

Mzee wa maporomoko alikuja wakati wanafunga mti wa kukatiza juu. Alisimama karibu yangu.

“Hawa ndio wale wa kwenye telefone?” akauliza.

“Hapana, mzee. Wale hawakuwa watu.”

“Walikuwa wazungu?”

“Hapana.”

“Wafu?”

“Hata wafu hapana, mzee. Wafu walikuwa watu zamani.”

Alilifikiria jambo hilo muda wa kutosha, kisha akaamua haliko chini ya mamlaka yake. Aliingia majini mpaka kwenye vifundo, akaugonga mti wa kwanza kwa fimbo, akaugonga wa pili. Akawatazama wanaume juu ya miti mmoja baada ya mwingine, na wao wakamsalimu kwa jina lake la heshima.

“Mahali ni pa nyumba hii,” akasema, bila kupaza sauti, akaondoka kwenda kwenye mawe ya jirani.

Sijui kama shemeji alisikia, kwa sababu ya maji. Lakini alikuwa amemwona mzee akigeuka. Alijifuta uso kwa ukingo wa shati, akachukua muda kufanya hivyo, kisha akapaza sauti kwamba wanangoja nini, washushe mgono, wanafikiri samaki watapanda wenyewe?

Wakaushusha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki mahali ulipo, na wote mnaolala chini ya paa moja. Akulinde katika yanayoteleza. Na siku utakapohitaji kusema neno la kuomba msaada, akupe ujasiri wa kulisema kwa mdomo wako mwenyewe, na awaguse walio karibu nawe wasikie, waje. Amina.